Mikono Mfukoni

Panda, Likasi, 14 Septemba 1997

Mwanangu Ghislain,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi wote hatujambo, wasiwasi wetu ni wewe huko Ndola. Unakula vizuri?

Diskette zako Benoît dereva amezileta, zimefungwa ndani ya soksi kama ulivyosema. Kikundi cha Linux cha Panda sasa kina watu saba na kompyuta moja, ile kuukuu ya zahanati ya parokia. Umeme ukikatika tunafanya mazoezi kwenye kibodi za katoni. Georges, mwenzangu wa kiwandani, anapiga kwa vidole viwili na kutukana kwa vyote kumi.

Mashine ni ya Suzanne, muuguzi. Anatuachia kila Jumamosi. Humo ameandika wagonjwa wake wote wa kifua kikuu, arobaini na watatu, maana daftari lake liliozeshwa na mvua ya mwaka jana. Virusi vinaikwamisha kila siku, kwa hiyo nimemhubiria: Linux ni mfumo wa kompyuta wa bure, na ukikwama kuna watu wa kukusaidia. Akanijibu, "Papa Mathieu, siku unaniharibishia liste ya bagonjwa, tutaonana." Je, tunaweza kuiweka kando ya mfumo wa zamani, kila mmoja na chumba chake?

Baba yako,
Mathieu

Ndola, 28 Septemba 1997

Papa mpendwa,

Jambo sana. Mimi ni mzima, nakula kuliko ninavyofanya kazi. Umesema wote hamjambo, lakini Juni nilimwacha Mama anakohoa. Hukunigusia hilo.

Inawezekana. Ila kwanza nakilini orodha ya Suzanne kwenye diskette. Pia shikeni sheria ya kikundi chetu cha Linux hapa Ndola: anayesaidia huweka mikono mfukoni. Aseme tu, mwenye shida ndiye aguse. Na mtu asifanye peke yake, lazima awepo wa pili wa kumwambia ngoja. Papa, nakujua. Ngoja.

Mwanao,
Ghislain

Ndola, 2 Novemba 1997

Papa mpendwa,

Hamjambo? Wiki tano sasa. Benoît amerudi mara mbili bila hata kikaratasi, na nikimuuliza anaangalia matairi yake. Kimya kingi kina mshindo. Niambie tu, hata kama ni baya.

Mwanao,
Ghislain

Panda, 15 Novemba 1997

Mwanangu,

Salamu. Safari hii sitaandika kwamba hatujambo.

Jumamosi ya kwanza baada ya barua yako kufika, wenzangu walienda kwenye kilio cha shemeji yake Georges. Mimi nikabaki na mashine. Diskette zote zilikuwa zimejaa Linux, nikasema orodha nitainakili Jumatatu. Nilitaka Suzanne aje akute kazi imekwisha. Mashine ikaanza kuniuliza kwa Kiingereza. Miaka thelathini na moja kiwandani, chef, yaani mkubwa wa kazi, akikuuliza jambo usilolielewa unajibu ndiyo. Nikajibu ndiyo. Ikauliza tena, nikajibu ndiyo. Nilipoiwasha upya, mfumo wa zamani haupo na majina hayapo.

Suzanne hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alisema, "Miye siko na cahier ingine, ile daftari ilioza. Bagonjwa yangu bote beko mu ile machine." Anaweza kukumbuka kumi na watano. Lakini dawa za miezi mitatu zinatoka Lubumbashi kwa orodha kamili, majina na tarehe za kuanza, na inatakiwa ifike kabla ya 15 Desemba.

Kuna fundi mjini anataka kuisafisha yote na kuanza upya. Nilihisi hiyo ingekuwa kumaliza kuua. Nikakata plagi ya waya kwa kisu, nimeiweka mfukoni. Hata kwenye misa ninayo.

Sasa lililobaki. Mama yako ni mmoja wa wale arobaini na watatu. Alianza dawa Agosti. Alinikataza kukuambia, eti utaacha kazi. Mwanangu, mimi ndiye niliyefuta jina la mke wangu. Nimeona aibu hata kushika kalamu.

Baba yako

Ndola, 23 Novemba 1997

Papa,

Nimelia, kisha nikakukasirikia, kisha nikaenda kwa wenzangu. Mwambie Mama siachi kazi, na tutagombana nikija.

Sasa sikiliza. Kukata plagi kumeokoa kila kitu. Tuliandika shida yako kwa watu wa Linux kwenye mtandao, na kabla ya asubuhi mama mmoja wa Brazili alikuwa ameshajibu. Anasema majina hayajafutika. Ulichofuta ni ramani ya nyumba, kuta zenyewe zimesimama. Lakini ili kuichora tena tunahitaji namba mbili, chumba kilianzia wapi na kiliishia wapi, nazo zilikuwa kwenye kioo cha kompyuta kabla hujajibu ndiyo ya kwanza. Hapa wote walishika vichwa. Mimi nikacheka. Papa, lini uligusa mashine bila kuandika vipimo vyake kwanza? Tafuta kwenye daftari lako.

Hatua nimeziandika kwenye karatasi ya pili. Suzanne apige, wewe mikono mfukoni. Mwishoni itauliza kama isafishe chumba. Hapo semeni hapana.

Najua utauliza tumlipe nini. Yule mama anataka mwandike mlivyofanya, mwingine akikwama asome.

Mwanao,
Ghislain

Panda, 9 Desemba 1997

Mwanangu Ghislain,

Salamu, na salamu tena! Namba zilikuwepo, 1 na 609, chini ya saa na tarehe, kama nilivyokuwa nikiandika joto la tanuru. Sikujua maana yake. Niliandika tu kwa sababu mtu haanzi kazi bila kuandika.

Georges alifunga plagi. Watu saba tukasimama nyuma ya Suzanne, mikono mfukoni. Mashine ikauliza swali lake la mwisho. Suzanne akageuka kuniangalia. Nikasema, "Apana." Georges akasema, "Ee Papa Mathieu, ukona mwaka makumi sita, njo leo unajua ile neno?"

Kisha majina yakashuka. Suzanne aliyasoma kwa sauti kama litania, na sisi tukawa tunaitikia. La thelathini na moja: Kabedi Rosalie, ameanza 18 Agosti, kilo arobaini na nne. Nililia mbele ya watu, wala sioni haya kukuandikia.

Orodha imeshaenda Lubumbashi, na nakala mbili zimebaki kwenye diskette. Suzanne ndiye mtu wa nane wa kikundi na tayari anatugombeza. Hatua zote tumeziandika kwa Kiswahili, tumezibandika ukutani. Mfasirie yule mama wa Brazili, na mwambie Jumapili tumemtaja kwenye misa.

Jana Mama yako alipimwa tena: kilo arobaini na tisa. Sisi wote hatujambo. Safari hii unaweza kuamini.

Baba yako,
Mathieu