Nilivyosomea Uraia Katika Darasa la Jedidah

Bloomington, Minnesota
17 Mei 2025

Mpendwa Dada Margaret,

Kaa chini kwanza, halafu barua hii uisome kwa sauti ili hata majirani wasikie. Anayekuandikia si yule Wanjala uliyemsindikiza uwanja wa ndege akiwa na koti la kuazima. Huyu ni raia wa Marekani. Mtihani wa uraia, kama nilivyokudokezea kwa simu, nimeupita mara ya kwanza, na afisa mwenyewe akanipa mkono. Kuna watu huku wamekaa miaka ishirini wakiiogopa ofisi ile. Mimi niliingia asubuhi nikatoka kabla ya saa ya chai. Bahati niliyo nayo, dada, ningekuwa naigawa, Kimilili nzima ingeshiba.

Sasa salamu. Wewe u mzima? Presha yako imetulia, au bado unakula chumvi kwa siri? Na miguu ya Mama je? Ile dawa ya kuchua niliyomtumia anaitumia, au ameiweka kabatini aonyeshe wageni? Mimi ni mzima kabisa, ila baridi ya huku haina adabu. Tuko katikati ya Mei na bado kuna asubuhi nawasha hita ya gari. Kazini Minneapolis, hospitalini, naendelea kusukuma wagonjwa kutoka wodini hadi eksirei na kuwarudisha. Wazee hunililia niwasukume mimi, kwa sababu njiani nawapigia hadithi mpaka wanasahau mahali panapouma.

Barua hii unaletewa na Cyrus, yule ninayekaa naye nyumba moja. Anasafiri Ijumaa. Utauliza kwa nini sikupiga simu. Unanijua, dada. Kwenye simu mdomo wangu hunitangulia. Kalamu ni nzito kidogo, inaningoja.

Ujumbe wako kuhusu Lodwar niliupata. Matroni wa shule nzima ya wasichana, na nyumba ya kukaa juu yake! Umesema wanataka jibu kabla ya tarehe thelathini, na kwamba utakubali, kwa kuwa sasa mimi nitamleta Mama huku Desemba. Miaka kumi na moja umekaa naye peke yako, sijasahau. Jambo hilo nitalifikia. Lakini niache kwanza nikueleze nilivyosoma, maana kichwa changu kimevurugika na sina mwingine wa kumwuliza.

Jedidah, yule binti wa kaka yetu Gilbert, sasa ni mwalimu mkubwa. Anafundisha historia ya Marekani na mambo ya serikali katika shule moja ya sekondari kule Eagan. Si madarasa ya kawaida, ni yale ya juu, ya watoto wenye vichwa, wanaofanya mtihani wa kiwango cha chuo kikuu kabla hawajamaliza sekondari. Msichana wa Kitale anawafundisha Wamarekani habari za babu zao! Hospitalini nimemtangaza mpaka madaktari wananiona kwa mbali wanageuza njia.

Nilipopata tarehe ya mtihani wangu nilimwendea anifundishe. Akanipa furushi la kadi, upande mmoja swali, upande wa pili jibu.

"Baba mdogo, kariri hizi. Wataokota maswali kumi humu humu. Ukipata sita, umemaliza."

Nikazipitia. Bendera ina milia mingapi. Rais huchaguliwa mwezi gani. Nikamwambia, mimi mtu niliyefika Dubai, unaniletea mambo ya chekechea? Akacheka sana, akasema kama nataka ya wakubwa, nije Jumamosi. Watoto wake walikuwa na masomo ya marudio na jamaa wanaruhusiwa kukaa nyuma.

"Lakini kadi usiziache," akasema.

Kadi niliziweka kwenye droo ya soksi.

Sasa sikiliza maajabu. Unakumbuka sisi tulivyofundishwa historia. Mwalimu anaandika ubaoni, sisi tunanakili, ukikosa mwaka mmoja unalamba kiboko. Jedidah haandiki kitu. Alisimama mikono mfukoni kama anangoja basi, akauliza, katika nchi hii ni nani hasa anayetunga sheria? Jibu nilikuwa nalo, Bunge. Nikanyamaza kwa heshima ili watoto waaibike kwanza. Msichana mmoja anaitwa Stacy akasema, majaji. Nikamwonea huruma. Lakini Jedidah hakukasirika, alimwuliza tu ushahidi wake uko wapi, na mtoto akaporomosha kesi tatu, kila moja na mwaka wake. Kijana Brandon akadakia, hapana, ni wenye makampuni, naye akatoa karatasi zake. Halafu Uwimana, binti wa Ildephonse, yule Mkongo tunayesali naye kanisani, akasema inategemea unauliza mwaka gani na wewe ni nani. Jedidah akawapa wote watatu alama zote. Wote watatu, dada!

Nilimngoja kwenye korido.

"Sasa jibu lenyewe ni lipi?"

"Lile unaloweza kulitetea, Baba mdogo."

"Na la kweli?"

"Ndilo tunalolitafuta."

"Kwa hiyo wewe mwalimu hulijui?"

"Langu ninalo. Siwapi."

Nikamwambia, basi mshahara unakula bure, hata mimi naweza kusimama pale nisiwape. Akanipiga begani na rejista.

Jumamosi iliyofuata aliwapa Katiba, ile karatasi ya kale ya waanzilishi wa taifa, akawaambia watafute mahali inapovuja. Kweli, serikali gani inamlipa mwalimu awaonyeshe watoto matobo yake? Mimi jicho langu lilikuwa mlangoni, nikidhani askari watafika. Aliyefika ni mkuu wa shule. Alichungulia, akatabasamu, akaenda zake.

Na kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Jumamosi ya tatu walikuwa wanajadili nguvu za serikali ndogo za mitaani. Jedidah akasema, tunaye hapa mtu aliyetawaliwa kwa namna nyingine, tumsikilize. Macho yote yakageuka nyuma. Nikainuka. Nikawaeleza jinsi chifu wetu alivyoamua ugomvi wa mpaka kati ya Baba na mzee Kiprop, alivyokaa pale pale mpakani kutwa nzima bila kusema neno, mpaka wazee wote wawili wakaona njaa na aibu, wakapatana. Dada, watoto wale waliandika! Mimi nasema, wao wanaandika. Stacy akasema, "Hiyo ni hoja nzuri sana, sir." Mimi, niliyeacha shule kidato cha pili na hakuna mwalimu hata mmoja aliyeuliza nimeenda wapi. Nilirudi Bloomington nikakaa ndani ya gari pale maegeshoni, nikashindwa kushuka. Tangu siku hiyo sikukosa. Nilihudhuria Jumamosi nane, na daftari langu mwenyewe la jalada gumu.

Cyrus alikuwa akiniuliza kila mara, "Kadi umezisoma?" Namjibu, kadi ni za watu wa kawaida, mimi niko darasa la juu.

Basi tarehe nane nikaenda. Suti ile ya kijivu, viatu vinang'aa. Afisa alikuwa mama mmoja wa miwani, mpole, anaongea polepole. Kiingereza hakikunisumbua, nilisoma na kuandika alichotaka. Akaanza maswali ya serikali. La kwanza, nani anayetunga sheria? Moyo wangu ukaruka. Nikamwambia, mara nyingi ni majaji, na nikaanza kumpa zile kesi za Stacy.

"Hilo ndilo jibu lako?"

"Naweza kulitetea, mama."

Akaandika kitu. Akauliza, ni nini kinachozuia tawi moja la serikali lisizidi nguvu? Nikasema, ukweli ni kwamba hakuna. Hilo Brandon alilitetea Jumamosi nyingine mpaka darasa likampigia makofi. Akauliza, lile Azimio la Uhuru lilifanya nini? Nikamjibu, inategemea ulikuwa nani. Hilo la Uwimana, bora kuliko yote. Mama akaweka kalamu chini.

"Bwana Wanjala, nahitaji jibu moja."

"La upande gani?"

Dada, alinitazama vile mimi humtazama mgonjwa aliyesahau njia ya kurudi wodini. Tuliendelea hivyo hivyo swali kwa swali. Bado nilikuwa na ushahidi mwingi, lakini hakuutaka. Mwishoni akafunga faili, akasimama, akanipa mkono.

Hapo ndipo nilipopotea kabisa, na nakuomba unisaidie kufikiri. Serikali ni ya watu hawa hawa. Huku inamlipa Jedidah amwambie mtoto kwamba jibu bado linatafutwa. Kule inamlipa mama wa miwani akae na jibu limeshaandikwa. Mtoto wa Eagan akibisha anapewa alama, mimi nikibisha naombwa nijibu kwa kifupi. Je, ubishi ni wa waliozaliwa ndani tu, na sisi wa mlangoni tunatakiwa kukariri kwanza? Au ni mimi niliyekaa mezani ambapo sikualikwa? Naligeuza hili asubuhi na jioni na halinikai.

Jedidah nilipomsimulia nilidhani atacheka. Hakucheka. Alikaa kwenye ngazi za shule, mkoba bado begani.

"Baba mdogo, kadi ulizisoma?"

Nikamwambia ziko kwenye droo ya soksi.

"Ni kosa langu," akasema. "Nilikuwa nafurahi kukuona umekaa pale nyuma. Ningekufukuza ukasome." Halafu akauliza, "Shangazi Margaret anajua?"

Nikamwambia tumeongea.

"Najua mmeongea. Nimekuuliza kama anajua."

Huyo ndiye mwalimu. Hakuniambia la kufanya. Aliinuka, akaenda kufundisha, akaniacha na swali mkononi kama anavyowaacha watoto wa watu.

Nisalimie kaka Gilbert, umwambie binti yake anaheshimika huku kuliko mbunge. Nisalimie Joan, mwanao, aendelee na masomo, na akiona kitu cha kukariri asiache kukikariri. Mzee Kiprop mpe salamu zangu, mwambie habari za mpaka wake zimeandikwa kwenye madaftari ya Marekani. Kwa Mama sijui nikutume na neno gani, kwa hiyo mshike tu mkono kwa niaba yangu. Mungu awafunike nyote, mlango wenu usigongwe na msiba, na chungu chenu kisikauke.

Mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,
Wanjala

Dada, sahihi nimeshatia na Cyrus anataka bahasha. Niseme. Sikupita. Nilikosa maswali matano mfululizo na mama wa miwani akaacha kuuliza. Kile nilichokwambia kwa simu, na nilichoandika juu hapo, ni uongo. Mimi si raia. Wataniita tena Julai, nikianguka mara ya pili nitaanza upya. Na hata nikipita, karatasi za Mama huchukua mwaka mmoja na zaidi, kwa hiyo ile Desemba niliyomwahidi niliitoa kichwani mwangu. Wape watu wa Lodwar jibu ukijua kwamba Mama haji, na kwamba hakuna wa kukaa naye isipokuwa wewe. Nilikudanganya.