Ubao wa Kunyooshea Miguu

Mjukuu wangu Somoe,

Hili sijamwambia mtu: fundi uliyemuulizia, aliyerefusha kitanda cha Baba, ni mimi, bibi yako kwa ukoo tu si kwa umri, mwenye miaka kumi na sita na haya zote hizi. Huku Chuno hatujambo.

Meza ya kwenye gari letu la kulalia safarini ikishushwa kati ya benchi mbili huwa kitanda, ila ilikuwa fupi. Baba alilala amejikunja, “kama pweza chunguni.” Alipokwenda msikitini Ijumaa, nikaiongezea ubao kwa bawaba.

Alipojilaza akanyoosha miguu, akacheka. “Hapa nalala kama niliyeuza korosho zote. Mama Somoe, huyo fundi uliyemwita, makabati ya gari nayo nampa yeye.”

Mama akashangaa, maana hakuita fundi yeyote. Mimi nikaificha bisibisi mfukoni, ingawa kazi ya makabati naitaka.

Nasikia kandambili za Baba zinakuja mlangoni. Barua hii siifichi tena; acha aisome, ajue fundi ni nani.

Bibi yako, Somoe mkubwa