Koti la Mume Wangu Kwenye Msumari

Mpanda

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Bado unakuuma ukichuchumaa kuanika dagaa, au ile dawa imesaidia? Niambie ukweli, usinifiche kwa kuwa niko mbali. Mimi mwili ni mzima, ila moyo, mama, umechacha kama tui lililolala.

Nilipoondoka Kigombe miezi minne iliyopita nilikuwa naringa, unajua. Nani kama mimi? Mume mpole, msomi, mpiga picha za eksirei wa hospitali nzima, anayeniita malkia wake mbele ya majirani bila haya. Asubuhi akitoka na koti lake jeupe nilikuwa nasimama mlangoni mpaka apotee kwenye kona. Nampenda vilevile hata leo, wallahi. Ndiyo maana uchungu huu haumezeki.

Mwezi wa pili wa ndoa yetu alishikwa na malaria, akalala siku tano. Nikaona ndiyo nafasi ya kulishughulikia lile koti. Nikalifua, nikalipiga pasi, nikalifukiza udi kama nilivyofundwa. Kwenye mfuko wa juu hukaa beji ndogo ya plastiki. Wote wa kazi ile huivaa, inapima mionzi inayompata mtu. Nikaibana tena mahali pake, imenyooka. Nikamwomba ufunguo, akanipa huku anatetemeka na homa.

"Litundike ofisini, mke wangu. Mlango wa kwanza."

Ofisini nikakuta vumbi. Nikaona haya, koti langu zuri vile! Nikaingia chumba cha ndani, kisafi, nikalitundika kwenye msumari mkabala na mashine. Nilitaka akirudi harufu ya udi impokee. Siku zote zile mwenzake alikuwa akipiga picha mle ndani, na beji inapokea mionzi. Aliliona koti, akadhani mwenyewe ndiye aliyeliacha.

Beji hizo hupelekwa mbali kusomwa. Majibu yalipokuja, ya mume wangu yalionyesha amepigwa na mionzi kupita kiasi kinachoruhusiwa. Na ilikuwa ndiyo wakati wa kuhuisha leseni yake. Wakamkataza kugusa mashine mpaka ajieleze, na mganga mfawidhi akagoma kutia saini fomu ya kwenda baraza lao linalotoa leseni. Bila leseni, mama, vyeti vyake vyote ni makaratasi tu.

Mkuu wa idara, mama mmoja mwenye mdomo, alimwambia mbele ya wenzake, "Bwana harusi, umeiacha mle makusudi tukupe likizo? Fungate haikukutosha?" Watu wakacheka. Jioni akanisimulia, akaapa hajawahi kuiacha beji chumba kile hata siku moja. Nilikuwa nachambua mchicha. Nikajua palepale. Nikaendelea kuchambua.

Wiki mbili nimenyamaza, mama. Mimi, mwanao. Wakamtoa damu kuipima, akawa hapati usingizi. Siku moja akaniuliza, "Kama mionzi imeniharibu nisikupe mtoto, utabaki na mimi?" Hapo ndipo nilipomwambia yote.

Akanigeukia. "Wiki mbili najiona maiti, na wewe unanipakulia wali unanitazama?"

"Nilikuwa naogopa. Twende kesho nikaseme mwenyewe."

"Ukaseme nini? Kwamba nilimpa mke wangu ufunguo wa chumba cha mionzi? Hapo ndipo leseni itakufa kabisa."

Akaandika kwamba alilisahau koti mle mwenyewe kabla ya kuugua. Akapewa onyo la maandishi, likaingia kwenye jalada lake. Fomu ikatiwa saini, lakini baraza halijajibu. Mimi mjinga nikamkumbatia, nikasema, "Umebeba aibu yangu, mpenzi." Akaitoa mikono yangu taratibu.

"Nimefanya kwa ajili ya leseni. Usijipambe."

Mama mkwe akija kutoka Mwera kukujulia hali, usimwambie. Anajua mwanawe yuko kwenye mashine, kumbe wamemweka mapokezi anaandika majina ya wagonjwa. Nisalimie kaka yangu wa bodaboda kule Moa, mwambie avae kofia yake. Nisalimie bibi, na mdogo wangu anayekusomea barua hii, asiitangaze kisimani. Somo yangu aliyenifunda mpe salamu tu, mengine usimwambie, ataumia.

Niombee dua leseni ije. Nikisema nirudi nyumbani, usinikubalie, maana nikiondoka sasa sitarudi tena kwake. Kanikataza kukanyaga hospitali. Chakula chake cha mchana nakiacha getini kwa mlinzi. Vyombo vinarudi vitupu, vimeoshwa, na sijui mama kama ni yeye anayekula.

Ni mimi mwanao, nakubusu mikono kutoka huku mbali,

Mwanahawa