Masale Hayana Sahihi

Mamba, 3 Machi 2024

Mwanangu Careen,

Salamu nyingi zikufikie huko Singida. Mimi mama yako ni mzima, kasoro goti lile lile. Shangazi yako Rogathe hajambo, anasema umemsahau. Watoto wake hawajambo, yule mdogo ameota meno mawili. Jirani yetu mzee Eliezeri anakusalimu, macho yanafifia lakini ulimi bado. Hata ng'ombe hajambo, amezaa dume. Wewe na mumeo mnaendeleaje? Kifua kimepona? Simu yangu iliingia maji, kwa hiyo barua nampa kondakta wa basi.

Baada ya salamu, nina jambo limenikaa kifuani. Baba Elinaza, mzee Sadock, tulimzika Januari. Matanga hayajapoa, Elinaza kaja na kamba kwenye shamba letu la tangawizi. Nikamuuliza, "Mwanangu, unapima nini?" Akasema, "Napima shamba la baba." Nikamwambia marehemu baba yako na baba yake walibadilishana: sisi tuliwapa la bondeni kando ya ndiva, lile bwawa la kumwagilia, penye maji, wao wakatupa hili la juu lililokuwa mawe matupu. Akasema, "Karatasi iko wapi?" Nikamwonyesha masale ya mpakani, baba yake aliyapanda kwa mkono wake siku tuliyochinja mbuzi. Akacheka. "Masale hayana sahihi, Mama Careen."

Barabara imepita pale juu, ndiyo maana. Na lile la bondeni Sadock aliliuza zamani. Tumeitwa baraza la ardhi Same tarehe 18 Aprili. Shamba hili likienda sina lingine. Niulizie kwa wanaojua.

Mama yako

Singida, 14 Machi 2024

Shikamoo Mama,

Natumaini goti limetulia. Sisi hatujambo, kifua kimepona.

Nimekwenda kwa dada mmoja wa msaada wa sheria. Sitakuficha. Amesema makubaliano ya ardhi yasiyoandikwa, baraza haliwezi kumbana mtu ayatimize, hata kama kijiji kizima kilikula yule mbuzi. Lakini si lazima uwe mkataba wenye mihuri. Hata barua, hata kikaratasi kilichoandikwa baadaye, mradi kitaje mashamba, nani kampa nani, na kiwe na sahihi ya mzee Sadock. Tafuta, Mama. Angalia hata kwenye kitabu cha nyimbo cha Baba.

Mwanao Careen

Mamba, 27 Machi 2024

Careen mwanangu,

Wote hawajambo, nitakusalimu vizuri siku nyingine. Elinaza ameng'oa masale mawili.

Nimepekua kitabu cha nyimbo, kihenge, mpaka ndani ya godoro. Nimepata kadi yako ya kliniki na picha ya baba yako bado ana nywele. Mzee Eliezeri amelia. "Mimi ndiye niliyemshika yule mbuzi miguu, nitasema barazani." Nikamwambia watakusikiliza, baba, ila wanataka wino.

Jana nachambua maharage, nikakumbuka. Ulipokuwa kidato cha kwanza pale Same sikujua kuandika hata jina langu. Ngumbaru nimeingia wewe umeshaolewa. Barua zako nani alikuwa ananiandikia? Sadock. Mwaka ule wa kubadilishana nilimwambia, mwambie Careen likizo asishuke bondeni kuchuma mboga, si kwetu tena. Akacheka. "Hilo ngoja nimwambie mwenyewe." Akaandika mistari yake chini, akatia sahihi. Sikujua kaandika nini, na niliona aibu kuuliza.

Barua ulikuwa unaziweka kwenye sanduku la bluu. Najua umehama nyumba mara tatu. Kama ulizichoma sitagomba. Ila niambie.

Mama yako

Singida, 8 Aprili 2024

Shikamoo Mama,

Nimekawia kwa sababu sanduku lilikuwa kwa wifi yangu Manyoni. Barua ipo. Panya wamekula pembe tu. Nakunukulia:

"Careen, ni mimi Baba Elinaza. Shamba langu la juu, kutoka masale hadi mfereji, nimempa baba yako. Nami nimepokea lake la bondeni kando ya ndiva. Tumeridhika. Kwa hiyo usije ukachuma mboga zangu. Sadock Mbwambo, 6/8/2005."

Usimwambie mtu. Naileta mwenyewe, tarehe 17 nitakuwa Same.

Mwanao Careen

Mamba, 2 Mei 2024

Mwanangu Careen,

Nashukuru ulifika salama. Wote hawajambo, ndama ananyonya vizuri.

Jana Elinaza kaja. Ulimwona siku ile barazani alivyoishika barua, mpaka mwenyekiti akamuuliza, "Bwana, hujamaliza kusoma?" Kumbe alishamaliza. Shamba ametuachia, na kaja na miche miwili ya masale, arudishie aliyong'oa. Akasimama pale mlangoni. "Mama, naomba nakala ya ile barua. Sina mwandiko wa baba hata mmoja." Nikamkaribisha chai. Mtolee nakala nzuri, yenye rangi.

Kabla ya kupanda nikaleta daftari. Nikamwambia leo tunaandika kwanza, masale baadaye. Ametia sahihi, mzee Eliezeri kaweka dole gumba, nami nimeandika Ernesta, lote, halikutoka nje ya mstari.

Sasa naandika jambo la pili, kwamba shamba hili nikiondoka ni lako. Sitaki mtu aje akuulize karatasi iko wapi. Nafasi ya jina nimeiacha wazi, sijui unataka ubini wa baba yako au wa mumeo. Nijibu upesi. Kondakta anapita Ijumaa, na kalamu nimeiazima kwa Rogathe.

Mama yako