Siku Ulipokalia Kapu la Jezi

Mama Balbir,

Umekosa adabu. Mtu mzima haondoki na sindano ya mwenzake. Ile sindano yangu ya tundu kubwa, niliyotoka nayo Nakuru nimeichomeka kwenye ukosi wa koti, uliiazima Jumatatu ukaniambia, "Kesho narudisha." Kesho yake asubuhi mkwe wako akaja kunigongea mlango huku analia. Miezi minne sasa nakukasirikia. Nilidhani hasira itaisha ndipo nikuandikie. Haijaisha, basi nakuandikia nayo hivyo hivyo.

Usinicheke mwandiko. Unajua mimi ni wa darasa la nne. Na wewe usijione, maana hizo herufi zenu za Kipunjabi siku zote nimeziona kama nguo zilizoanikwa kwenye kamba.

Mkwe wako hajambo. Anatia chumvi kidogo kuliko wewe, namshukuru Mungu. Ile kamba tuliyoifunga kutoka mlingoti wangu hadi mlingoti wako, juu ya ua, bado ipo, na mvua ya Uingereza hapa Acocks Green bado inangoja nianike ndipo inyeshe. Goti la Kioko limepona. Na Bwana Zulia ameanza tena. Hilo la mwisho ndilo limenikalisha mezani na kalamu, lakini kwanza kuna jambo lingine. Nilipaswa kukuambia ukiwa hai. Kiburi changu unakijua.

Unakumbuka tulivyoingia kazi ile. Mjukuu wangu Kioko alipoacha kiwanda ili acheze mpira wa kikapu wa malipo, nilimwambia hiyo si kazi, ni mchezo wa watoto waliokosa jembe. Wewe ulisema, "Mwache, mama. Yeye iko mrefu. Atafanya nini na urefu yote hiyo?" Haikupita wiki akatuletea gunia la jezi kumi zinanuka kama zizi. Mwenye timu, yule tajiri wa duka la mazulia tuliyembatiza Bwana Zulia, alikuwa na seti moja tu ya jezi na hakutaka kusikia habari ya seti ya pili, na dobi wa mashine alikuwa amezichujisha rangi. Basi tukazifua sisi. Mimi naloweka, wewe unasuuza, na tunasengenya.

Siku ile ya kwanza ulizigeuza nje ndani, moja moja. Kifuani jina la duka la mazulia. Mgongoni namba. Ukaniuliza, "Jina ya mtoto iko wapi?" Halikuwepo popote.

Mimi nisingeuliza. Nilifua miaka mingi nguo za watu bila kuuliza. Wewe uliuliza, na choa kilipotoka kwa kijana mmoja kikahamia kwa wanne, kwa sababu walikuwa wanavaa jezi yoyote inayokuja mkononi, ukaleta kopo lako la nyuzi. Ukamshonea kila mmoja jina lake ndani ya ukosi, kwa herufi zenu, kila mmoja na rangi yake ili nami nisipotee. Kioko zambarau. Desmond, yule wa Jamaika, manjano. Brendan Mwairishi kijani, akafurahi kama umempa shamba.

Kosa la kutoa jezi ovyo lilikuwa langu, nakubali sasa. Kijana alisimama mlangoni akasema "namba tisa," nikampa namba tisa. Kumbe hata si mchezaji, ni rafiki ya rafiki, na jezi ikaonekana imekwenda kunywa bia kule mtaa wa Kings Heath. Brendan akacheza na fulana. Hukunigombeza. Ulinitazama tu, na mimi bora nigombezwe. Kuanzia siku hiyo ukaweka sheria: jezi haitoki kwa namba. Mtu asimame mlangoni, ataje jina, umtazame uso, umkabidhi mkononi. Hata Kioko, niliyemlea kwa uji wangu, ilinibidi nimwambie, "Taja jina, mume wangu," naye anacheka, anataja.

Sasa nije kwenye ile Jumamosi.

Goti la Kioko lilikuwa limevimba kama papai. Daktari alimwambia apumzike hadi mwezi uishe. Bwana Zulia akasema yeye ndiye anayejua nani mgonjwa katika timu yake, afunge bendeji acheze. Kioko akakataa. Akaambiwa kama hachezi hapa hatacheza popote, kwa kuwa karatasi yake ya uchezaji iko kwenye droo ya Bwana Zulia, na bila karatasi ile hakuna timu nyingine inayoweza kumchukua. Na ni kweli, ndivyo walivyokuwa wamefungwa wote kumi. Kama ng'ombe mwenye alama, ila ng'ombe hasainishwi.

Wenzake tisa wakasema hawaingii uwanjani mpaka mambo mawili yaandikwe: daktari ndiye wa mwisho kusema nani acheze, na msimu ukiisha mtu apewe karatasi yake. Bwana Zulia akabadilisha kufuli ya ukumbi, akawafungia nje, akatafuta vijana wengine kumi wa kucheza Jumamosi.

Mimi nilifanya nini? Nilimkaripia Kioko. Nilimwuliza nani amemfundisha kubishana na anayemlisha. Nilikuwa na hofu, Mama Balbir. Marehemu mume wangu aligoma pamoja na wenzake kule reli Kenya, tukatolewa kwenye landhi, zile nyumba za reli, siku moja, sufuria na watoto nje, mvua inanyesha. Nilikuwa nimeona mgomo unavyoishia. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi nilizikunja jezi zote kumi, nikazipanga ndani ya lile kapu kubwa lenye kifuniko, nikaliweka nyuma ya mlango. Nilikusudia kumpa Bwana Zulia kwa mkono wangu, labda angemsamehe mjukuu wangu.

Hilo ndilo sikukuambia. Nilikuambia nimelitoa pale ili nifagie. Nilidanganya. Najua ulijua.

Ulipitia pale ubao wa ua ulipong'oka, mikono imejaa unga wa chapati, ukaliona kapu. "Hii inakwenda kwa nani?" Nikasema kwa mwenyewe. "Mwenyewe nani?" Nikasema nimelitoa pale ili nifagie. Ndipo ukaniambia habari ambayo hukuwahi kunigusia miaka yote ya ujirani wetu. Kwamba mumeo, fundi wa karakana katika reli ile ile, siku wenzake walipogoma yeye aliingia kazini. Hakuna aliyempiga. Hakuna aliyemtukana. Waliacha kumsalimia, basi. Ukasema alikuwa akirudi nyumbani jioni anawasalimia watoto mara mbili mbili, kwa ile njaa ya salamu. "Mimi nilipika chakula ya huyo mtu mpaka akakufa," ukasema. "Sitafua jezi ya mwingine."

Kisha ukalifunika kapu ukalikalia. Wewe na uzito wako wote. Kapu likalia kwii.

Gari likasimama. Bwana Zulia akaja na kofia yake na dereva nyuma. "Nimekuja kuchukua jezi zangu." Nami niliyekuwa na maneno tangu alfajiri nikajibanza ukutani. Wewe ukamwuliza kwa Kiingereza chako cha sokoni, jina nani? Akataja lake. Ukachungulia kwenye kapu bila kuinuka, sijui uliwezaje, ukatoa jezi moja, ukageuza ukosi, ukatikisa kichwa. Hiyo haiko.

Akasema namba nne, yaani ile ya Kioko. Ukasema jina. Akasema kapteni. Ukasema kapteni ana jina. Akasema yule kijana Mwafrika. Mama Balbir, pale ndipo nilipopata miguu. Nikamwambia Mwafrika ni mimi hapa, na jezi hainitoshi.

Akakunyang'anya ile moja, akageuza ukosi asome mwenyewe. Akaona herufi zako zimening'inia kama nguo kwenye kamba. Akaigeuza juu chini. Dereva kule nyuma akakohoa, "Desmond, bwana. Manjano ni Desmond." Bwana Zulia alimtazama yule dereva kama mtu aliyeumwa na kiti chake. Mvua ikaanza. Majirani wakatoka na miavuli. Jezi kumi, na mtu aliyekuwa na karatasi za watoto kumi ndani ya droo aliweza majina mawili, na moja alilitaja vibaya. Akasema ataita polisi. Ukamjibu, "Leta. Na yeye polisi ataje jina."

Akaondoka. Ukainuka, kapu limepinda upande mpaka leo, ukaniuliza kama chai ipo.

Mimi nimeona wanaume wengi wakipiga kelele kuhusu haki. Mume wangu alikuwa mmoja wao, Mungu amrehemu. Sijaona mtu akiishika haki kwa kuikalia, kimya, na unga mikononi. Mchezo haukuchezwa. Watazamaji wakakuta ukumbi umefungwa, wakaanza kumwuliza Bwana Zulia mwenyewe maswali, na Jumatano yake akakaa meza moja na wachezaji akaandika yale mawili. Kioko akapumzika mwezi mzima. Leo anapanda ngazi mbili mbili na kunipigia kelele juu ya kichwa. Daktari anasema angecheza siku ile, goti lile lingekuwa la kutembelea na fimbo.

Sikukushukuru. Nilikuletea magimbi, ukadhani ni magimbi tu.

Siku ya maziko yako ya moto walikuja wote kumi. Warefu wale, wamefunga vitambaa kichwani kama ilivyo desturi yenu, Brendan kile chake cha kijani kimemdondokea machoni. Balbir mwanao alitaka kujua ni akina nani. Wakasimama mbele yake mmoja mmoja na kutaja majina, bila kuambiwa na mtu. Mimi nilitoka nje. Nilisema moshi unaniumiza macho. Hapakuwa na moshi.

Sasa la leo. Msimu mpya unaanza Jumamosi. Bwana Zulia amewaletea vijana karatasi nyingine ya kusaini, na Kioko amenisomea yote. Habari ya kurudishiwa karatasi za uchezaji imo. Neno la daktari limetoweka. Wamemwuliza, akasema ni kosa la mchapaji. Mchapaji gani huyo anayekosea mahali pamoja tu, tena mahali pa goti la mtoto wangu? Wamekataa kusaini. Naye ametuma habari kwamba Jumamosi saa tatu dereva atapitia jezi kwangu, "kwa kuwa yule bibi mwingine hayupo tena."

Hayupo tena. Amesema hivyo.

Nilipoambiwa nilikwenda moja kwa moja kwa mkwe wako nikamwomba kopo lako la nyuzi. Akalishusha juu ya kabati. Ndani nikakuta jezi ya yule kijana mpya, Trevor, aliyeingia badala ya mmoja aliyehama, na sindano yangu imechomekwa kwenye ukosi wake, uzi wa rangi ya chungwa ungali tunduni. Ulikuwa umeshona herufi mbili. Kumbe hukuniibia, ulikuwa kazini.

Herufi zenu siziwezi. Nimemalizia kwa zangu za darasa la nne, kubwa na zimelala upande. Mwanzo ni wako, mwisho ni wangu. Trevor anasema inamkwaruza shingo. Nimemwambia avumilie.

Basi pumzika, mama. Sikukasirikii tena, au nakukasirikia kidogo tu, kwa ajili ya chai ninayokunywa peke yangu. Naahidi mbele yako: maadamu mikono yangu inashika sabuni, hakuna jezi itakayotoka nyumba hii bila jina, wala hakuna mtoto atakayecheza na goti bovu kwa kuwa mimi niliogopa. Hofu ile nilikuwa nayo mara moja, ikatosha.

Na amri nimeshatoa, Kioko amewapelekea wote. Dereva arudi zake, ni mtu mzuri, nitampa chai. Bwana Zulia aje mwenyewe. Aje na karatasi yenye neno la daktari, asimame pale pale aliposimama, ataje majina kumi, la Trevor likiwemo. Kapu lisifunguliwe kabla ya la kumi. Mimi ni mwembamba, peke yangu litanitupa, hasa kwa vile ulilipinda. Kwa hiyo mkwe wako atakaa upande wako. Saa mbili na nusu awe ameshafika, na huo unga anawe kwanza.

Mimi mwenzako,
Mama Syombua