Bawa Lililopika Uji

Mama,

Nimekwenda hospitali kwa babu. Uji wake nimeuchukua kwenye chupa. Doreen amfunge ndama kabla mvua haijarudi, na asiguse kopo la rangi lililo mvunguni.

~~Sitakusemesha tena.~~ Hapo nimefuta, ni hasira.

Lakini asubuhi hukunisikiliza. Nilipouliza bawa la kushoto la ndege yangu ya mianzi liko wapi, ulijibu huku unakoroga sufuria, "Kilicho darini kwangu ni kuni, baba. Mvua yote hii, ningepikia nini?" Naye Doreen akacheka eti ndege imeshapaa, niutazame moshi. Nililiweka pale juu ya moto likauke, mama. Mwanzi mbichi hupinda.

*Bawa limepika uji,*
*na kuruka halijui.*

Wewe unaiita mchezo wa watoto. Babu alipakia mabomu kwenye ndege kama hiyo vitani kule Burma, na kila injini amenielekeza yeye mahali pake. Sasa haoni. Aliomba aipapase nzima, kutoka puani hadi mkiani, kabla hajafa. Nilimwahidi leo.

Nimeibeba hivyo hivyo, ndefu kama kitanda, nimeifunika nailoni. Mkono wake ukifika ubavu wa kushoto ukakuta hewa tupu, sijui nitamwambia nini.

Usinikatie mwanzi mwingine. Utakauka kiangazi, na babu hafiki kiangazi. Wewe ndiye binti yake, unalijua hilo kuliko mimi.

Mwanao,
Obed