Usimwite Nyambura Bado

Naro Moru

Kwa dada yangu mpendwa, Mama Nyambura,

Pokea salamu kutoka kwa mtu ambaye bila yeye mlima huu ungefungwa. Usicheke. Juzi kuna Wazungu walifika hapa na kamba zao na viatu vya misumari, wakaambiwa Ndirangu ana mafua, wakakaa hotelini wakicheza karata mpaka nikapona. Na mwezi uliopita nilikutana na nyati kwenye mianzi, uso kwa uso. Nilimwangalia tu. Akakumbuka ana kazi mahali pengine.

Haya, wewe uko namna gani? Ule mguu unaokusumbua wakati wa baridi umepoa? Kahawa imechanua, ama mvua ya huko kwenu Gakindu imeanza maringo tena? Huku mimi ni mzima, ila baridi ni ya kukata masikio. Asubuhi maji ya karai yana ngozi ya barafu, inabidi niyapige ngumi kwanza ndiyo ninawe.

Barua yako ilifika, nikaisoma mara mbili kwa vile maneno yake yalikuwa makali. Unasema nimwambie Nyambura afunge mizigo arudi nyumbani, kwa sababu mwalimu mkuu wa shule ya wasichana hapo Mukurweini amemwekea nafasi ya kufundisha na hatamngoja zaidi ya muhula huu. Unasema digrii moja inamtosha mtu, na hii ya pili ati ni ya kuruka kamba. Dada, mimi pia nilifikiri hivyo. Alipofika hapa na masanduku yake kutoka chuo kikuu, nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumrudisha. Lakini wacha nikueleze yaliyotokea, halafu uamue wewe, maana wewe ndiye mama.

Kwanza, si kuruka kamba. Binti yako anasomea afya na nguvu za mwili: moyo wa mtu unapiga vipi akibeba mzigo, na pumzi inamtosha vipi kule juu ambako hewa ni kidogo. Sasa niambie, ni watu gani wanaobeba mizigo mahali kama hapo? Si ni sisi wapagazi wa mlima? Ndiyo maana alikuja huku. Alipewa chumba nyuma ya hoteli ya wapanda mlima, akakipanga vizuri. Kuna mizani, kuna mkanda wa kufunga mkononi wa kupima presha, na kuna baiskeli ya chuma ya kukanyagia papo hapo. Unabanwa pua na kibanio kama cha kuanikia nguo, unapumulia bomba, na pumzi yako inaingia kwa mfuko mkubwa kama gunia la kahawa. Halafu anaupima huo mfuko. Kuna watu walianza kusema ati msichana anabeba pumzi za watu kuzipeleka Nairobi. Niliwanyamazisha.

Akaniomba, "Anko, nitafutie watu wa kupima." Kazi kama hiyo ukimpa mtu hivi hivi ataiharibu. Mimi nilichagua. Nilileta vijana wenye vifua, kama Waweru, yule anayepanda na mzigo huku akipiga mluzi. Wazee wa magoti na vikohozi niliwaambia wasionekane karibu na hicho chumba. Si unajua maonyesho ya kilimo pale Nyeri? Umewahi kuona mtu akipeleka ng'ombe aliyekonda? Nilitaka mtoto wetu apate namba wani. Na hao wazee wenyewe walifurahi kufichwa, kwa vile kulikuwa na uvumi kwamba atakayeonekana amechoka hatapewa mzigo tena.

Wiki iliyopita profesa wake akaja kuangalia kama hiyo kazi iendelee ama isimamishwe. Ni mtu mfupi, miwani mizito, viatu havijawahi kuona matope. Akasoma karatasi za Nyambura, akarudi nyuma, akasoma tena. Akauliza, "Hawa wote wamebeba mizigo mlimani kwa miaka, na hakuna hata mmoja mwenye goti bovu? Hakuna anayekohoa?"

Kabla sijajibu, mtu akakohoa nyuma ya stoo ya kuni.

Ni Mzee Githaiga, mpagazi wa zamani kuliko wote hapa. Nilikuwa nimemweka huko na wenzake, na birika la chai. Akakohoa tena, kikohozi cha kutoka visiginoni.

Profesa hakufoka, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. Alimwambia Nyambura kwa upole kwamba akipima wenye afya peke yao hajapima kazi ya upagazi, amepima ujana tu. Akasema anaenda Nanyuki na kesho yake atapita hapa akirudi. Asipokuta watu wa kila namna, basi atamshauri aiache hiyo digrii, akatafute kazi ya kufundisha.

Unaona? Kile ulichotaka kilikuwa kimefika mlangoni, na mimi ndiye niliyekifungulia.

Nyambura hakulia. Alinigeukia na ile sura yako, ile ya kuuliza ni nani ameacha mbuzi wakaingia shambani. "Anko, hii si maonyesho ya ng'ombe! Hao uliowaficha ndio nilikuja kuwatafuta!"

"Nilikuwa nakusaidia."

"Umenisaidia mpaka nafukuzwa!"

Akaenda mwenyewe nyuma ya stoo, akaketi juu ya gogo kati ya wazee, akawaomba. Githaiga akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Mwanangu, mimi niko na watoto shule. Siku karatasi yako itasema Githaiga amechoka, nani atanipa mzigo?"

"Jina lako sitaliandika, Baba. Nitaandika namba tu. Nataka ijulikane ni mzigo wa uzito gani unaommaliza mtu, ndiyo wenye safari waambiwe wapunguze."

"Maneno ni mazuri," akasema Githaiga. "Lakini wa kwanza hatakuwa mimi." Akanitazama, akatabasamu vibaya. "Si kuna mwenye mlima hapa? Aanze Ndirangu. Tangu mtoto wa dada yake aje, yeye hajapimwa hata urefu."

"Huyo muacheni," akasema Waweru, "mtavunjiwa mashine."

Wakacheka wote. Basi ningefanya nini? Nilivua koti.

Niliikalia ile baiskeli watu wakiwa wamejaa mlangoni. Nyambura akanibana pua, akanitia bomba mdomoni. Dada, nilikanyaga! Nilikanyaga mpaka kioo cha dirisha kikatoa ukungu, na ule mfuko ukafura nikafikiri utapaa na binti yako. Halafu nikaona wale wazee bado wana uso wa hofu, nikasema moyoni, hapa panahitaji mzaha kidogo. Basi nikashuka kwa upande, ghafla, miguu juu, bomba likiwa bado mdomoni.

Walicheka, wee! Githaiga alicheka mpaka akashika ukuta. Akapangusa machozi akasema, "Kama huyu hajafukuzwa, mimi watanifanya nini?" Akapanda. Nyuma yake wazee wakapiga laini mpaka jikoni.

Kesho yake profesa aliwakuta wamejaa kwenye benchi, kila mmoja akieleza goti lake kama anayesifu ng'ombe wa maziwa. Alikaa nao mpaka chai yake ikapoa. Alipokuwa akiondoka akamwambia Nyambura, "Endelea. Sasa una kazi." Nilisikia na masikio yangu, kwa vile mimi ndiye nilikuwa nimemshikia mlango wa gari.

Na sikiliza hili. Nyambura alipomwekea Githaiga kile chombo cha kusikilizia kifua, hakupenda alichosikia. Akampeleka hospitali Nyeri yeye mwenyewe. Mzee amepewa dawa, na sasa bibi yake anasema analala chali usiku kucha, jambo ambalo alikuwa ameshalisahau. Hiyo ndiyo digrii ya kuruka kamba.

Kwa hivyo naomba, usimwite bado. Kazi ya huku itaisha kabla mvua kubwa haijashika, halafu aende akaandike kitabu chake. Mwone yule mwalimu mkuu, mpelekee mkungu wa ndizi, mwambie akingoja atapata mwalimu ambaye hakuna shule nyingine inaye. Akikataa, akatae, shule si moja. Pasaka nitamleta nyumbani mwenyewe. Utaona amekonda kidogo, lakini si njaa, ni kukimbia. Kila asubuhi anakimbia barabarani na watu wanamwuliza anafukuzwa na nani.

Nisalimie shemeji, na umwambie asiipogoe kahawa kabla sijafika, kuna mtindo nitamwonyesha. Msalimie mama mkwe wako, na shangazi yetu anayeuza viazi sokoni, na kitinda mimba wako ambaye nasikia sasa anaimba kwaya.

Sasa, Nyambura akifika utamwuliza, na mtoto huyo hajui kudanganya, kwa hivyo afadhali usikie kwangu. Pale kwa baiskeli sikushuka. Nilianguka. Hakukuwa na mzaha wowote. Sijajua baiskeli tangu nizaliwe, na hata hiyo, ambayo imefungwa sakafuni kwa skrubu na haiendi popote, ilinishinda.

Ni mimi ndugu yako mdogo, ninayekaa upande mmoja wa kiti mpaka leo,

Ndirangu